Orodha ya Anwani Hainunuliwi

Wengi mmeniuliza jinsi ya kuanzisha jarida la biashara la barua pepe. Haya, leo nawaeleza tulivyofanya na muuza pampu za maji mmoja hapa Nakuru mwaka wa 2024.

Mzee huyo alinijia na flashi yenye maelfu ya anwani alizouziwa. Alitaka tangazo liwafikie wote kabla ya Jumatatu. Nilihitaji sana kazi ile, maana kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Hata hivyo nilikataa.

Kwanza kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka upate idhini ya mtu kabla ya kutumia data yake kibiashara. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5.

Pili kuna mitambo yenyewe. Tangu 2024, Google na Yahoo huwataka wanaotuma barua nyingi wathibitishe kikoa chao, yaani lile jina linalofuata alama ya @, kwa SPF, DKIM na DMARC. Pia msomaji aweze kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko yasifike asilimia 0.3. Kwa hesabu rahisi, kati ya barua 1,000, watu 3 tu wakibofya "hii ni taka", umefika mpakani. Kikoa kikichafuka, hata ankara za wateja wako wa kweli huishia kwenye taka.

Mzee alikasirika. Akaniambia vijana wanaojua kompyuta ni wengi. Nikamuuliza, "Wewe mzee, ukipata tangazo la mtu usiyemjua unafanya nini?" Akanyamaza kidogo. "Nafuta." Tukaanza upya.

Tuliweka daftari kaunta. Mteja anayetaka ushauri huandika anwani yake, nasi humtumia kiungo athibitishe mwenyewe. Mwezi wa kwanza tulipata watu 38. Kila mwezi barua moja, jambo moja: kusafisha kichujio, kupima kina cha kisima, kuchagua mpira wa maji. Swali la msomaji ndilo huzaa barua inayofuata.

Usidanganywe na idadi ya "waliofungua". Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple yaweza kupakua picha hata kama mtu hajasoma. Hesabu wanaojibu. Kati ya wale 38, watu 9 walijibu barua ya kwanza, na 2 wakarudi dukani kununua.

Basi anza na daftari. Tukutane tena.