Gari la kulala na handaki la Zion

Shemeji alianza na goti la mama. Alimwomba apande ngazi za mlango wa gari la kwanza, ashuke, kisha apande tena. Mama alikuwa na wiki moja tu tangu atoke Tanga. Alishika kishikio, akapanda polepole, akashuka na kusema, "Baba, hili nitalipanda asubuhi. Jioni itabidi mnibebe."

Ilikuwa Mei 2023, kwenye uwanja wa magari ya kukodi mjini Las Vegas. Tulikuwa sita: dada na mumewe, watoto wao wawili, mama na mimi. Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda Zion na Bryce Canyon, hifadhi mbili za jimbo la Utah, na tulitaka kulala humo humo garini.

Wamarekani huyagawa magari haya kwa herufi tatu, ambazo hazifuati ukubwa. Aina A ndilo kubwa kuliko yote: umbo la basi, uso bapa, kioo cha mbele kipana kama dirisha la duka. Aina B ndilo dogo kabisa, gari la mzigo kama Sprinter lililowekewa kitanda, jiko na choo ndani ya bodi lake lilelile. Aina C liko katikati. Kiwandani huchukuliwa kichwa cha gari la mzigo pamoja na fremu yake, na nyuma hujengwa chumba kama sanduku la Canter. Chumba hicho hutokeza mbele, juu ya paa la dereva, na hapo juu huwekwa kitanda.

Dada alilipenda A. Lina ukuta unaosukumwa nje likishaegeshwa, sebule ikaongezeka, na jiko ambalo mtu anaweza kupikia pilau la watu sita bila kugongana viwiko. Shemeji alilitazama kwa muda mrefu, akamweleza kwamba wenye magari hayo wengi hukokota gari dogo nyuma, kwa sababu ukishaegesha basi la futi 35 huwezi kulitoa kwenda kununua mkate tu. Mimi nilikuwa upande wa B, na bado naamini kwamba kwa watu wawili hakuna la kulishinda: linaegeshwa karibu popote, na mafuta linakunywa kwa kiasi. Lakini vitanda vilikuwa viwili na mikanda minne. Watu sita hawaingii kwenye mikanda minne, na hilo halina mjadala.

Tukachukua C la futi 25, ambalo ngazi yake mama aliipanda bila kushikwa.

Barabara ya I-15 inakata jangwa la Nevada, inapita kona ya Arizona ndani ya bonde jembamba la Mto Virgin, kisha inaingia Utah. Ni kama maili 160 hadi lango la Zion. Humo bondeni upepo wa ubavuni ulilisukuma sanduku letu hadi shemeji akapunguza mwendo na kushika usukani kwa mikono miwili. Vikombe viligongana kabatini, watoto wakanyamaza. Tulipojaza mafuta tulipiga hesabu: kila lita ilikuwa imetupeleka kilomita 4 na kidogo. Mtu anayekodi gari kama hili aiweke hesabu hiyo mezani kabla ya kuangalia mapazia.

Jambo jingine la kuliangalia mapema ni matangi. Gari letu lilikuwa na matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na vyombo, na la choo. Asubuhi ya tatu shemeji alivaa glavu, akaunga bomba nene kwenye shimo la kituo cha kumwagia, akafungua kwanza tangi la choo. Likishakwisha ndipo hufunguliwa lile la maji ya sabuni, ili yasafishe bomba. Mama alisimama kando akifuatilia kila hatua, kisha akauliza maji ya kuogea yamebaki kiasi gani. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyetupimia.

Ndani ya bonde la Zion gari letu halikuingia. Msimu huo barabara ya bondeni ni ya mabasi ya hifadhi, yanayobeba watu bure, na ukubwa wa gari lako hausaidii kitu. Ukubwa ulikuja kudai haki yake tulipoelekea Bryce. Barabara ya mashariki inapanda kwa kona kali hadi kwenye handaki la maili 1.1, lililokamilika 1930, wakati magari yalikuwa madogo. Dari lake ni la upinde, kwa hiyo gari pana au refu kwenda juu likikaa upande wake litakwaruza mwamba. Kipimo kilikuwa upana wa futi 7 na inchi 10, vioo vikihesabiwa, au kimo cha futi 11 na inchi 4. Sprinter lingepita kama gari dogo. Letu lilizidi upana, tukalipa dola 15.

Wafanyakazi wa hifadhi walizuia magari ya upande wa pili, nasi tukaingia tukiwa katikati kabisa ya barabara. Giza lilikuwa zito. Kisha likatokea dirisha lililochongwa kwenye mwamba, mwanga ukatupiga na kupotea, na sekunde chache baadaye likaja jingine. Shemeji hakusema neno. Dada alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa vidole vyote.

Upande wa pili msururu wa magari ulikuwa unatungoja tupite. Mama alifungua kioo na kuwapungia mkono, gari kwa gari, mpaka la mwisho.