Nguo ya nkambo



Tumesikia ikisemwa, hata katika vikundi vyetu vya parokia, kwamba nguo za rafia za wankambo wetu wa Kasai ni vitu vya kipagani, na mkristu mwema anapaswa kuzichoma. Kabla ya kuwasha kiberiti, tuitazame kwanza nguo yenyewe.

Kwa Wakuba, wakaao kati ya mito Kasai na Sankuru, mwanamume hufuma kitambaa kwa nyuzi za majani ya mwale. Mwanamke ndiye atariziye. Hachori kitu kabla ya kuanza, kwani maumbo anayo kichwani. Hupitisha uzi kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, huuvuta, kisha huukata kwa kisu kidogo huku na huku, pasipo fundo. Ncha hubaki zimesimama, laini kama manyoya. Kipande kidogo tu huweza kumaliza miezi, na nguo ya kiunoni ya sherehe ni vipande vingi vilivyounganishwa, mita kwa mita.

Zilizo bora huvikwa marehemu, ili waliotangulia wamtambue. Hapo ndipo wengine waonapo upagani. Sisi, tunaowafundisha wakatekumeni maana ya vazi jeupe la ubatizo na kuimba Litania ya Watakatifu, hatuoni sababu ya kushtuka. (Kama kuna dawa iliyoshonewa ndani, hilo ni jambo jingine, mwoneni padri.)

Huko Bethlehemu, alikozaliwa Bwana wetu, kanzu iliyotariziwa ilitosha kumjulisha mama na kijiji chake. Mwaka 2021 UNESCO iliuandika utarizi wa Palestina katika urithi wa binadamu, katika kikao kilekile kilichoiandika rumba yetu ya Kongo.

Reli ya BCK, iliyofika Ilebo mwaka 1928 ikipitia Mweka katika nchi ya Wakuba, iliwaleta Wakasai wengi kufanya kazi Katanga. Mwaka 1992 na 1993 maelfu walifukuzwa, wakalala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, kila mmoja na mzigo alioweza kuubeba. Nguo iliyopita katika hayo yote si ya kutupwa motoni kwa neno la mhubiri wa njiani.

Mkiikuta sandukuni, mwulizeni nkambo ni nani aliyeitarizi. Mwulizeni pia, kwa heshima, kama ameiweka kwa siku yake mwenyewe.