Umeme wa Ugenini

Maji machafu huonekana, chakula kilichochacha hunuka, na moto hutoa moshi. Lakini waya wenye umeme na waya usio na umeme hufanana kama mapacha. Wazee wetu waliosema kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake walisema neno linaloufaa umeme pia. Nataka, msomaji wangu, tulitumie neno hilo kupima jambo moja linaloonekana sasa katika barabara zetu za pwani, nalo ni gari linalolaza watu na kuomba umeme kila linapotua.

Mimi ni mwalimu, nami nakaa Tezo, kaskazini ya mji wa Kilifi, kando ya njia kuu iendayo Malindi. Miongoni mwa magari yapitayo hapa yamo yaliyofanywa nyumba: ndani mna kitanda, jiko, taa na friji ndogo. Mengine ni ya watalii waliotoka mbali. Mengine ni ya wananchi wenzetu walionunua gari kuukuu lililotoka Japani, wakalitengeneza upya. Leo gari hulala Watamu penye umeme wa nguzo, kesho shambani penye jenereta, na keshokutwa mahali penye umeme wa jua. Mwenye gari huona soketi tatu zilizofanana, akadhani umeme ni ule ule. Hapo ndipo hatari ianzapo.

Tofauti ya kwanza ni nguvu ya msukumo, ipimwayo kwa volti. Katika Kenya umeme wa majumbani ni volti 240. Nchi nyingi za Ulaya hutumia 230, na tofauti hiyo ndogo haidhuru. Lakini Japani hutumia 100, na chombo kilichotengenezwa kwa volti 100 kikitiwa katika 240 huungua, na pengine huwasha moto. Tofauti ya pili ni plagi. Sisi tulirithi kwa Waingereza plagi ya pini tatu bapa, ambayo kanuni yake ilitolewa kwao mwaka 1947. Pini ndefu ya juu ni ya waya wa ardhi, nayo ndiyo ifunguayo vizibo vya matundu mawili ya chini. Mgeni mwenye plagi ya pini mbili hukuta matundu yamefungwa. Basi mwenyeji mkarimu huokota kijiti, akachokoa tundu la juu, na plagi ikaingia. Bila shaka umeliona jambo hili, na pengine kwenu chaja ya simu huingizwa hivyo kila siku. Kwa chaja ndogo iliyofunikwa kwa plastiki madhara yaweza kuwa machache. Kwa gari zima la chuma ni jambo jingine kabisa, maana waya wa ardhi umeachwa nje, wala hapana aliyeuliza ni nani atakayefanya kazi yake.

Kazi yake ni ipi? Waya wa moto huleta umeme, na waya wa pili huurudisha. Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, siku zote hukaa kama mlinzi asiye na kazi. Lakini ikiwa waya wa moto umechubuka na kugusa bati la gari, mlinzi huyo huupa umeme njia fupi ya kuondoka, na swichi ya ulinzi hukatika mara moja. Asipokuwapo, gari lote hujaa umeme kimya kimya, maana limesimama juu ya mipira isiyoupitisha. Taa huendelea kuwaka na friji huendelea kuganda. Aliye ndani hahisi kitu, kwa sababu chuma chote kinachomzunguka kina nguvu moja. Huumia yule aliye chini, ambaye miguu yake iko ardhini na mkono wake uko garini. Mwili wake ndio unaogeuka waya.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Katika likizo moja ya Aprili, jirani yetu alipata wageni waliokuja na gari la namna hiyo. Waliliegesha chini ya mwembe, wakavuta waya kutoka jikoni. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi mtoto wa miaka tisa, miguu mitupu, alikwenda kumwamsha binamu yake, akaushika mpini wa mlango. Mkono ukakaza, akashindwa kuachia wala kupiga kelele. Mama yake akamkimbilia, nami nikapaza sauti: “Dada, usimshike! Usimshike!” Kijana wa kidato cha pili, aliyekuwa akipita na mtungi wa maji, akautupa mtungi, akaingia jikoni na kuichomoa plagi. Mtoto akaanguka matopeni. Alipona kwa rehema ya Mungu, akiwa na vidole vilivyoungua. Fundi alipoukagua waya ule, aliona una nyuzi mbili tu; wa tatu haukuwamo tangu uliponunuliwa.

Huenda ukauliza, je, fyuzi ilikuwa wapi? Ilikuwapo, nzima. Hebu tupige hesabu. Birika la wati 2000 katika volti 240 huvuta ampea 8 na kitu. Fyuzi ya ampea 13 huuachia mkondo huo upite, maana imewekwa ili kulinda waya usiungue. Swichi iliyowekwa kulinda uhai wa mtu hukata umeme uvujapo kwa miliampea 30 tu, yaani sehemu 30 za elfu moja za ampea. Mkondo unaochemsha birika ni zaidi ya mara 250 ya huo. Kwa hiyo usitegemee fyuzi ikuokoe. Uliza kama swichi hiyo ipo, nawe bonyeza kitufe chake cha majaribio uone kama inaruka.

Jenereta nayo ina tabia zake. Nyingi zilizo ndogo hazikuunganishwa na ardhi, na kwa hiyo swichi ya ulinzi iliyomo garini huenda isifanye kazi kama ilivyokusudiwa. Fundi na aikague kwanza. Moshi wake huua waliolala, basi iwekwe mbali na madirisha. Tena kamwe usiichomeke katika soketi ya nyumba umeme wa nguzo unapopotea. Umeme huo hurudi nyuma hadi kwenye transfoma, ukapandishwa kufikia volti 11,000, ukamkuta fundi juu ya nguzo aliyeamini kwamba waya umekufa.

Umeme wa jua hudharauliwa kwa kuwa betri ya volti 12 haimtetemeshi mtu. Lakini inverta huzipandisha volti hizo zikawa 240, nazo huua sawasawa na zile za nguzo.

Zishike basi kanuni hizi. Tumia waya wa nyuzi tatu, mnene, uliotengenezwa kwa matumizi ya nje. Ukunjue wote, kwa maana waya uliozungushwa hupata joto na kuyeyuka. Zima swichi kwanza. Unganisha upande wa gari, kisha upande wa soketi. Na wakati wa kuondoka anza na soketi, usije ukashika mkononi ncha yenye moto. Kagua pini zake mara kwa mara, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hula shaba. Na mtu akinaswa, kata umeme kabla ya kumgusa. Usipoweza, msukume kwa mti mkavu huku umesimama pakavu.

Pengine hutamiliki gari la kulala maisha yako yote. Lakini utavuta waya wa vipaza sauti harusini, au wa mashine ya kuchomelea chuma, au wa taa za matangani, nao utatoka katika nyumba ambayo hukuijenga. Msafiri mwema hubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya watu. Nawe ubishie hodi umeme wa ugenini: uliza unatoka wapi, una volti ngapi, na waya wake wa ardhi uko wapi. Swali halimvunjii mwenyeji heshima, na tahadhari ni kabla ya hatari.