Dozi mbili zilizobaki

Wadau, hili nimekaa nalo muda mrefu. Leo acha nilitoe.

Mnaikumbuka Agosti 2021. Rais Samia alishachanjwa Ikulu tarehe 28 Julai mbele ya kamera, nasi waandishi tukatumwa vituoni kuona mambo yanakwendaje. Marekani ilikuwa imetuletea dozi 1,058,400 za Janssen kupitia COVAX. Sasa piga hesabu: sensa ya mwaka uliofuata ilitukuta watu 61,741,120. Dozi moja kwa watu kama 58 hivi! Lazima mtu apange nani aanze, na wizara ikapanga: watumishi wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi sugu kama kisukari.

Sikuwa na ugomvi na orodha hiyo. Korona iliua wazee kuliko vijana, na daktari akiugua nani atatibu wengine? Niliandika hivyo gazetini, kwa ujasiri wa mtu mwenye shahada moja na miaka 24.

Sasa kituoni, jioni. Foleni imekwisha (haikuwa ndefu, wengi waliogopa, na maneno ya mitaani mnayajua). Kichupa cha Janssen kina dozi tano, na kikishatobolewa hakilali: saa sita tu, hata kikirudi kwenye friji. Cha mwisho nesi alikitoboa mchana kwa ajili ya wazee watatu. Zimebaki mbili. Akanitazama.

"Kaka mwandishi, kaa nikuchome. Au nizimwage?"

Nikamkumbuka mama mdogo. Ni mama lishe Mbagala, wakati ule ana miaka 47. Kisukari hana anachokijua, maana hajawahi kupima. Kutwa anahudumia mafundi na makonda wanaokohoa juu ya sahani zake. Kwenye orodha hayumo, sawa na mimi niliyekuwa nashinda na kompyuta. Orodha ilihesabu miaka, haikuhesabu watu wangapi wanakupumulia kwa siku.

Nikampigia.

"Nipe saa moja na nusu mwanangu, nafunga nakuja."

Nesi akatikisa kichwa. Muda wa kichupa ulikuwa ukingoni.

Nikakunja mkono wa shati. Ya pili akachomwa mlinzi wa getini, kijana mwenzangu. Sikumnyang'anya mtu, najua, zingemwagwa. Ila mabaki humfuata aliye karibu na meza, na pale mezani mimi nilifikishwa na kitambulisho cha gazeti.

Baadaye milango ilifunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka 18, na mama mdogo akapata ya kwake. Lakini jioni ile nilishindwa kumpigia tena kumwambia asije. Akashuka kwenye daladala bado amevaa aproni, akanikuta getini nimeshika pamba begani.

"Zimeisha?"

"Zimeisha, mama."

Akaiangalia ile pamba. Kisha akaniuliza kama nimekula.