A Imegoma

Iligoma Jumanne usiku, nikiwa katikati ya neno "wanafanana". Kwenye skrini likatokea "wnfnn". Nikabonyeza tena, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani anayejifanya hayupo. Herufi nyingine zote zilikuwa nzima. Ni A tu iliyokufa.

Kibodi yenyewe ni ya mama. Ilikuwa kwenye duka lake la steshenari Morogoro, na ina ile plagi ya duara ya PS/2, ya rangi ya zambarau. IBM walikuja na plagi za namna hiyo mwaka 1987. Laptop za siku hizi hazina hata pa kuzichomeka. Nilipokuwa mdogo, sheria ya kwanza niliyofundishwa pale dukani ilikuwa "Zima kwanza!", maana plagi hiyo haikutengenezwa ichomekwe au ichomolewe kompyuta ikiwa inawaka. Mama alipofunga duka, nikaiomba. Ilikaa chini ya kitanda miaka kadhaa, mpaka muhula wangu wa kwanza wa uzamili, nilipomwaga chai juu ya laptop na E, R na T zikafa siku moja. Nikaenda Kariakoo kutafuta adapta ya USB. Muuzaji alinitahadharisha, Mungu ambariki, kwamba zile za bei rahisi ni nyaya tupu na hazikubali kila kibodi. Nichukue yenye chipu ndani. Nikachukua yenye chipu.

Sura mbili za tasnifu yangu zimeandikwa juu ya kibodi ile. Ina kelele. Mwenzangu wa chumba alikuwa akiniona tu nimevuta kiti, anavaa hedifoni. Lakini mimi niliipenda, hasa kwa jinsi ilivyochakaa. A ilishafutika zamani, imebaki plastiki tupu inayong'aa. N na I zimebaki nusunusu. Q na X ni mpya kabisa, kama zimetoka kwenye boksi jana, kwa sababu Kiswahili hakina kazi nazo. Mtu ambaye hajawahi kufika Morogoro angeitazama tu na kukisia duka lile lilikuwa likiandika lugha gani. Andika "Mama anataka barua saba": herufi 20, na 10 kati ya hizo ni A.

Nikaipeleka kwa fundi. Aliifungua akanionyesha karatasi mbili za plastiki zenye michirizi ya umeme, na pale chini ya A, mchirizi umesuguka ukakatika. Hana kipuri. Akaniuliza kwa upole kama nina uhakika nataka kuendelea na kitu hiki.

Nilikuwa na uhakika. Kwenye laptop, E, R na T zilikuwa zimekufa lakini A ilikuwa hai. Kwa hiyo kwa siku nane niliandika kwa kibodi mbili: kila kitu kwenye ya mama, na kila ilipokuja A, nauvuta mkono wa kushoto kwenda kwenye laptop, naibonyeza kwa kidole cha mwisho, narudi. Ukiandika tasnifu kwa Kiswahili, safari hiyo haina mwisho. Siku ya tisa kidole kilivimba.

Nikampigia mama, nikitaka tu kumchekesha.

"Kidole gani?" akauliza.

"Cha mwisho. Cha kushoto."

Akanyamaza kidogo. "Ndicho hichohicho changu."

Kidole cha mama hakikunjiki vizuri asubuhi, mpaka akishike kikombe cha chai ya moto. Nimekijua hivyo maisha yangu yote. "Si ulisema kilibanwa na mlango wa daladala?"

"Nilisema hivyo ili uache kuuliza."

Mama alisomea uhazili, akafundishwa kupiga taipu kwa vidole vyote bila kutazama. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na taipureta za Marekani za miaka ya 1870, na waliouunda hawakuwa wakifikiria "barua saba". Ukipiga kwa vidole vyote, A inaangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Herufi tunayoitumia kuliko zote amebebeshwa mdogo wao. Na mama aliibonyeza miaka na miaka: barua za kuomba kazi, mikataba ya kupangisha vyumba, risala za harusi, na kila ulipofika msimu wa kukusanya kazi, tasnifu za wanafunzi wa chuo, usiku, akilipwa kwa ukurasa. Katika kurasa zote za shukrani alizopiga, alikuta jina lake mara moja tu, tena limekosewa. Akalipiga hivyohivyo lilivyokosewa. "Alinilipa nipige alichoandika," alisema. Hadithi hiyo nimewasimulia rafiki zangu mara nyingi kama kichekesho.

"Nunua nyingine," akaniambia.

"Mama, hii ni ya kwako."

"Unaipenda wewe. Mimi sikuwahi kuipenda hata siku moja. Ilikuwa ngumu ile."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi nilikuwa nikiisoma ile A iliyofutika kama shairi, na yeye alikuwa upande wa pili wa simu, bila shaka akikisugua kidole.

Nikarudi Kariakoo Jumamosi. Niliyonunua ni nyeusi, nyembamba, haina kelele. Mwenzangu wa chumba ameacha hedifoni mezani. Herufi zake zote ni nyeupe sawasawa, X kama A, na bado ninakosea ninapoitafuta nafasi ya kurudi nyuma. Ile ya zamani nimeiweka juu ya kabati, waya wake nimeuzungusha.

Jioni nikampigia mama kumwarifu.

"Shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na nane."

"Umepigwa." Kisha akauliza, "Ni laini?"

"Laini, mama."

"Haya. Andika basi."