Benchi la Kahawa Ufipa

Kazi ya kuuza kahawa nimekwisha kuiacha, lakini mapenzi yangu kwa vijiwe vyake hayajapungua. Watu wakiniuliza kwa nini, wengi hutarajia niseme kwamba wanywa kahawa ni watu wema kuliko wengine. Sisemi hivyo. Wanaoketi kwenye benchi la kahawa pale Pito, Sumbawanga, alfajiri ndio hao hao wanaogombania mpaka wa shamba mchana na kupunjana kwenye debe la mahindi baada ya mavuno. Ninachoamini, baada ya kuutazama wema wa kijiweni ukikua na kisha ukipungua, ni kwamba ulitokana na namna kijiwe chenyewe kilivyopangwa. Kikombe kilikuwa kidogo, bei ilikuwa ya chini, benchi lilikuwa moja, na muuzaji alikuwa hahami. Mpangilio ulipoguswa, wema nao uliguswa, na watu walikuwa wale wale.

Tazama jinsi ulivyofanya kazi. Sumbawanga iko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake haina mzaha. Kahawa chungu yenye tangawizi, birika likiwa juu ya makaa, ilikuwa kwanza dawa ya baridi hiyo. Lakini kile kikombe kisicho na mkono ni mali ya muuzaji. Mnywaji hawezi kuondoka nacho; lazima aketi, anywe, akirudishe, kisuuzwe kwenye ndoo, apewe anayesubiri. Kwa hiyo kila mteja hulazimika kukaa kidogo, na anayekaa atasalimiwa, ataulizwa habari za nyumbani, atajibu. Bei ikiwa ya sarafu chache, kumlipia mzee aliyekuja mikono mitupu hakumwumizi mtu, na mzee hadhaliliki, maana kesho naye anaweza kumlipia kijana. Anayefuata husogea tu kwenye benchi, awe dereva wa lori, mwalimu au kibarua, kwa kuwa hakuna kiti cha heshima cha kumtengea yeyote. Na muuzaji, kwa kukaa mahali pamoja kila siku, ndiye hugundua mapema kwamba baba fulani hajaonekana tangu juzi. Mara nyingi safari ya kwenda kumjulia hali, au mchango wa msiba, huanzia hapo kabla habari haijafika kwa mjumbe. Hakuna aliyeandika kanuni hizi. Zilikuwa ndani ya vyombo na mbao.

Wako watakaosema ninaisifu kahawa kwa jambo lililokuwa la Wafipa tangu zamani. Wana haki kiasi. Kahawa si zao lililoijenga Ufipa. Kahawa ya Nyanda za Juu Kusini inajulikana kwa Mbozi na Mbinga, na hapa watu wamekusanyika kwa muda mrefu zaidi kuzunguka pombe ya ulezi. Lakini historia hiyo hiyo inanipa nguvu. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alishughulishwa sana na swali la amani ya watu hawa. Uwanda huu ulikuwa umepitia ugomvi wa tawala mbili, Nkansi na Lyangalile, kisha uvamizi wa Wangoni, ambao kiongozi wao Zwangendaba alifia huku Ufipa katika miaka ya 1840. Joseph Thomson alipopita mwaka 1880, aliwaeleza Wafipa kuwa wakulima wa amani. Haikuwa damu iliyobadilika kati ya wakati wa vita na wakati wa Thomson. Maisha ndiyo yaliyopangwa upya, kwa kilimo, biashara na adabu ya kuongea na mgeni. Kama utulivu wa nchi nzima ulijengwa, ule wa benchi moja nao ulijengwa, na kinachojengwa huweza kubomolewa bila mtu kukusudia.

Ubomoaji wenyewe ulikuja na mambo mema, na ndiyo sababu hatukuuona. Barabara ya lami kutoka Tunduma, iliyojengwa kwa fedha za Marekani chini ya mkataba uliosainiwa mwaka 2008, ilifupisha safari iliyokuwa mateso ya vumbi na matope. Dereva aliyekuwa akisubiri gari litengenezwe sasa hupita tu. Kahawa ya unga ya Africafé, inayotoka kiwanda cha TANICA cha Bukoba, ilimwezesha kila mtu kukoroga kikombe chake nyumbani. Simu ziliingia kijiweni, na anayekaa akitazama skrini amekaa kwa mwili tu. Kikombe cha karatasi kilikata ile kamba iliyomfunga mnywaji kwenye benchi. Kisha likaja zoezi la nchi nzima la mwaka 2021 la kuwahamisha wamachinga kutoka kando ya barabara. Nia ilikuwa kupanga miji, na miji yetu inahitaji kupangwa. Lakini muuza kahawa aliyehamishwa hahami na wateja wake. Akipelekwa kwenye eneo jipya, huanza na watu wapya, na yule mzee wa zamani hana tena wa kugundua kwamba hajaonekana.

Pingamizi linalonipa tabu kweli si hilo la pombe ya ulezi. Ni kwamba benchi lilikuwa la wanaume. Ni kweli, hapa Sumbawanga kama ilivyo kwenye baraza za Mji Mkongwe wa Zanzibar: mama alipita na sinia la maandazi, akauza, akaenda. Wema uliomwacha nje nusu ya mtaa ulikuwa na upungufu, wala sitautetea. Lakini upungufu ulikuwa katika nani aliruhusiwa kuketi. Nenda kwa mama lishe mwenye chai na vitumbua, utaona bei ndogo, benchi, kikombe cha kurudishwa na macho ya mwenye biashara vikifanya kazi ile ile kwa wanawake na wanaume pamoja. Namna ile inaweza kupanuliwa. Wengine hulalamika kwamba kijiwe ni mahali pa umbea na kupoteza muda. Lawama hiyo ni kongwe: Makka ilipiga marufuku kahawa mwaka 1511, na mfalme Charles II wa Uingereza akaamuru nyumba za kahawa zifungwe mwaka 1675, kisha akalazimika kuifuta amri yake baada ya siku chache. Watawala wale waliogopa maneno yanayosemwa mahali ambapo watu hawatazamani kwa vyeo. Umbea upo, lakini yale mazungumzo yanayomsengenya jirani ndiyo pia yanayomtafutia kibarua na kumchangia nauli ya hospitali, hayatenganishwi kirahisi.

Na ukiniambia kwamba yote ni biashara, kwamba muuzaji hutabasamu ili auze, nitakubali kuwa tulitaka kuuza. Faida ya kikombe kimoja, hata hivyo, ni ndogo mno kuweza kueleza kwa nini muuzaji humwandikia deni mtu anayejulikana wazi kuwa hatalipa wiki hii. Humwandikia kwa sababu atamwona kesho, na keshokutwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa Manispaa ya Sumbawanga na kwa kamati za soko. Mnapochora stendi na masoko mapya, msimpe muuza kahawa kizimba cha kusimama peke yake. Mwachieni nafasi ya benchi refu, karibu na njia wanayopita watu wa mtaa ule ule, wanawake wakiwemo, na mkishampa, msimhamishe.