Mlima Gelai Uko Nairobi

Gelai ni mlima ulio kando ya Ziwa Natron. Shengena uko Upare. Yote miwili ni ya Tanzania, lakini majina yake yamebaki ubavuni mwa injini mbili za mvuke zilizosimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi, namba 5918 na 5930. Injini za aina hii zilikuwa 34, zimetengenezwa Manchester na Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Zimesalia hizi mbili. Nyingine ziliishia kuwa vyuma chakavu.

Isogelee injini ya Gelai. Rangi yake ni damu ya mzee. Ina uzito wa tani 252 na magurudumu 28. Boila iko katikati, na mwili umeungwa kwa vipande ili uweze kujipinda kwenye kona. Mitaimbo inayozungusha magurudumu iko nje, waziwazi. Mtoto anaweza kuifuata kwa kidole hadi akajua nguvu inatoka wapi na inakwenda wapi. Injini ya dizeli imejifungia ndani ya sanduku lake, haina la kumwonyesha.

Injini hii ilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa pwani hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Ikishapoa, ilitaka saa nyingi za moto kabla presha haijatosha, na mtu wa kukesha nayo. Nadhani kazi hiyo ndiyo tunayoililia tunapoukumbuka mvuke. Moshi wenyewe nani anautamani? Kilichoondoka ni kazi iliyomlazimu mtu kukijua chombo chake kwa sikio na kwa kiganja.

Kisha kuna msiba wa pili, ambao hausemwi sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli moja ikawa tatu, na injini zenye majina ya milima ya Tanzania zikabaki Kenya. Treni ya SGR, reli mpya ya Kenya, iliyoanza 2017 ina kasi na raha zaidi, nami naipanda bila kinyongo. Ila hiyo ni ya nchi moja.

Mvuke ulikoma Kenya karibu na mwaka 1980, kwa hiyo fayamani, mchochea moto wa injini, aliyekuwa kijana wakati ule sasa ni mzee. Ukienda kuitazama Gelai, mtafute fayamani mmoja wa zamani, mlipie kiingilio, umwombe akueleze kila valvu ilikuwa ya kazi gani. Na umrekodi.